Protini ya mwani isipotoka, au ikitoka na ute: dalili, visababishi na marekebisho

Tangu mwaka 1989, pale kilimo cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani, mwani wa Zanzibar umekuwa ukinunuliwa kwa ajili ya karajinani, ule ute unaofanya maziwa ya chokoleti yawe mazito na kushikamanisha dawa ya meno. Kwa anayetafuta protini maabara, ute huohuo ndio mpinzani wa kwanza. Katika spinosum (Eucheuma denticulatum) na kottoni (Kappaphycus alvarezii) protini mara nyingi haifiki asilimia 10 ya uzito mkavu, huku karajinani ikichukua theluthi moja hadi nusu, pengine zaidi. Unatafuta kitu kidogo ndani ya gundi nyingi. Mwani wa kijani kama Ulva una ulvani, wa kahawia kama Sargassum na Turbinaria una alginati pamoja na tanini zake, na Gracilaria ina agari. Kila ute una tabia yake, ndiyo maana maelekezo yaliyoandikwa kwa majani ya mchicha au mahindi hugoma yakiletwa kwenye mwani.

Jambo moja liwekwe wazi kabla ya dalili. Lawama nyingi zinazotupiwa njia ya kukamua ni za makosa yaliyotokea kabla ya kukamua, au wakati wa kupima. Mtu analinganisha njia nne, anaona moja imetoa protini mara tatu ya nyingine, kumbe tofauti yote imetengenezwa na kemikali za bafa (mmumunyo unaotunza pH) ndani ya kipimo. Kwa hiyo tumeipa sehemu ya vipimo nafasi kubwa kuliko zote.

Njia zenyewe

Zinazolinganishwa mara nyingi ni nne.

Ya kwanza ni maji kisha alkali. Gramu 1 ya unga mkavu hulowekwa katika mililita 20 za maji yasiyo na ioni, ikakorogwa usiku kucha kwenye nyuzijoto 4. Maji matupu huvimbisha seli na kuzipasua. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g dakika 20 na uhifadhi maji ya juu. Mashapo yanarudiwa kwa mililita 20 za NaOH ya 0.1 M yenye merkaptoethanoli asilimia 0.5, saa 1 hadi 2 katika joto la chumba, kisha yanazungushwa tena. Usiyachanganye maji haya mawili kabla hujayapima kila moja peke yake. Ya kwanza yana protini zinazoyeyuka, ya pili yana zile zilizoshikwa na kuta za seli, na uwiano wao ni taarifa muhimu sana unapotafuta kosa.

Ya pili ni TCA, yaani asidi ya trikloroasetiki, ndani ya asetoni. Gramu 0.5 ya unga laini huwekwa katika mililita 10 za asetoni iliyopozwa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, yenye TCA asilimia 10 na merkaptoethanoli asilimia 0.07. Iache saa 1 hadi usiku kucha, zungusha, osha mara mbili au tatu kwa asetoni baridi yenye merkaptoethanoli ileile, kisha yeyusha protini kwa bafa ya yurea 7 M, thioyurea 2 M na CHAPS asilimia 4, ukiongeza DTT ya 50 mM.

Ya tatu ni fenoli, ambayo hatua zake zipo chini kwenye dalili ya jeli kwa sababu ndiko inakohitajika. Ya nne ni vimeng'enya vinavyokata ute na kuta za seli: karajinasi, agarasi, selulasi, zailanasi au liasi ya alginati, kulingana na mwani ulio nao.

Protini ni kidogo mno

Kabla ya kubadilisha njia, pima nitrojeni ya mashapo yaliyobaki. Kipimo hiki kimoja kinaamua uelekee wapi. Nitrojeni ikiwa bado nyingi kwenye mashapo, protini haikutoka. Ikiwa ndogo kwenye mashapo na ndogo kwenye maji ya juu pia, protini ilipotea kabla, au haikuwepo kwa kiasi ulichodhani.

Ikiwa haikutoka, mara nyingi seli hazikupasuka. Unga unaopita kwenye chekeche ya milimita 1 unaonekana laini machoni, lakini kwa mwani wenye karajinani bado ni mabonge. Lenga milimita 0.5 au chini. Mwani mkavu husagika vizuri ukigandishwa kwanza kwa nitrojeni ya kimiminika, kisha ukatwangwa kwenye kinu cha kauri kilichopozwa. Pasipo nitrojeni, kausha kwa kugandisha, weka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kwa usiku mmoja, na usage kwa mizunguko mifupi ya sekunde 10 ili mashine isipate joto. Mwani uliovuta unyevu wa pwani hauvunjiki, unatafunika kama mpira. Ukiona unga unashikana kwenye blenda, rudisha kwenye kikaushio.

Kisha angalia sentrifuji. Maelekezo husema g, mtu anaweka mizunguko kwa dakika. Hesabu ni 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko kwa dakika, mara mizunguko tena. Rota ya sentimita 15 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika inatoa takriban 2,700 g tu. Kwa nguvu hiyo ute haushuki, na sehemu kubwa ya maji yenye protini inabaki imenaswa ndani ya mashapo yaliyovimba. Kama mashine yako haiwezi zaidi, rudia kukamua mashapo yaleyale mara mbili au tatu badala ya kuongeza muda wa kuzungusha.

Ikiwa protini ilipotea kabla, fuatilia jinsi mwani ulivyoshughulikiwa kuanzia shambani. Mwani uliokaushwa juani kwa ajili ya kuuzwa haufai kwa kulinganisha njia. Jua hupausha fikoerithrini, ile protini ya waridi, na joto huharibu umbo la protini nyingine hadi zigome kuyeyuka kwa maji. Ishara rahisi: spinosum nyekundu iliyotunzwa vizuri hutoa maji ya waridi katika hatua ya kuloweka. Maji yakitoka meupe au manjano, usitegemee kingi kutoka kwenye sehemu ya maji. Usitumie ishara hii kwa aina za kijani na kahawia za mwani huohuo, kwani rangi hiyo kwao ni hafifu tangu awali.

Kuosha nako kuna hasara yake. Suuza kwanza kwa maji ya bahari yaliyochujwa ili kuondoa mchanga na vijidudu vilivyojishika, kisha pitisha kwa maji yasiyo na ioni kwa sekunde chache tu ili kutoa chumvi ya nje. Ukiuacha mwani kwenye maji matamu kwa nusu saa, tayari umeanza kukamua, na protini unamwaga kwenye sinki.

Mwisho, uzito. Mwani wa sokoni huhesabiwa mkavu hata ukiwa na unyevu wa theluthi moja, na bado una chumvi na mchanga wa ufukweni. Pima unyevu kwa oveni ya nyuzi 105 usiku kucha na majivu kwa tanuri la nyuzi 550, kwa sampuli ndogo ya kando. Bila namba hizi mbili huwezi kulinganisha mwani wa Paje na wa Kibuyuni, pwani ya Kenya, kwa sababu utakuwa unalinganisha mchanga wao.

Maji ya juu yamekuwa uji, au yameganda

Hapa ndipo kazi nyingi za kottoni hukwama, na dawa inategemea ni ute gani. Jaribio lake halifiki dakika mbili. Weka tone la maji ya juu kwenye mmumunyo wa kloridi ya potasiamu asilimia 2. Likiganda papo hapo kuwa donge gumu, ni kappa-karajinani ya kottoni. Weka jingine kwenye kloridi ya kalsiamu asilimia 1. Likiwa kama shanga, ni alginati; likiwa jeli laini inayotikisika, fikiria aiota-karajinani ya spinosum. Katika tyubu nyingine ongeza ethanoli mara mbili ya ujazo: ute hutoka kama nyuzi unazoweza kuzizungushia kijiti cha kioo, ilhali protini hutoka kama ukungu au vipande vidogo.

Kisababishi kinachosahaulika zaidi ni joto. Karajinani ya kottoni iliyo na potasiamu yake ya asili haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji baridi. Mashine ya mawimbi ya sauti ikiachwa iendelee bila kupumzika, mmumunyo hupanda nyuzi 40, 50, 60, ute unayeyuka, nawe ukiupeleka kwenye sentrifuji ya nyuzi 4 unaganda wote pamoja na protini yako ndani. Tumia sekunde 10 za sauti na sekunde 20 hadi 30 za kupumzika, tyubu ikiwa ndani ya barafu yenye maji. Vipande vya barafu bila maji havigusi tyubu vizuri.

Kisababishi cha pili ni bafa. Potasiamu hugandisha kappa, na amonia hufanya vilevile. Fosfeti ya potasiamu inayotumika kwa kila kitu maabara ni bafa mbaya kwa kottoni endapo ute tayari umeyeyuka. Badili kuwa ya sodiamu. Kwa spinosum mkosaji ni kalsiamu. EDTA ya 10 hadi 50 mM huifunga na uji ukalegea.

Unaweza pia kuigeuza tabia hii ikufae. Kama unataka protini zinazoyeyuka kwa maji tu, mfano fikoerithrini, kamua kottoni kwa baridi muda wote katika bafa yenye KCl ya 50 mM. Ute unabaki umeshikana ndani ya mashapo na maji ya juu yanatoka mepesi. Gharama yake ni kwamba protini za kuta za seli zinabaki humo pia, kwa hiyo usiite matokeo hayo protini yote ya mwani.

Ukitaka zote bila ute, tumia fenoli. Saga gramu 1 ya unga katika mililita 10 za bafa ya Tris 0.5 M ya pH 7.5 yenye sukrosi 0.7 M, EDTA 50 mM, chumvi 0.1 M, merkaptoethanoli asilimia 2 na PMSF 1 mM (ya kuzuia protiasi, yaani vimeng'enya vinavyokata protini). Maelekezo ya mimea yanaiandika chumvi hiyo kuwa KCl. Kwa mwani wenye kappa weka NaCl. Tikisa kwenye barafu dakika 10, ongeza mililita 10 za fenoli iliyoshibishwa kwa Tris ya pH 8, tikisa tena dakika 30 kwenye nyuzijoto 4, kisha zungusha kwa 10,000 g dakika 20. Fenoli huwa nzito kuliko maji, lakini sukrosi imeyafanya maji kuwa mazito zaidi, hivyo fenoli na protini zitakuwa juu na ute utabaki chini. Chota fenoli ukiacha nusu sentimita juu ya mpaka. Ioshe kwa bafa mpya kwa ujazo uleule, zungusha tena, kisha iongezee mara tano ya ujazo wake methanoli baridi yenye asetati ya amonia 0.1 M, na uache usiku kucha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mashapo yaoshwe mara mbili kwa methanoli baridi na mara mbili kwa asetoni baridi.

Fenoli ikikaa chini badala ya juu, sukrosi imesahauliwa au imepungua. Pakitokea tabaka jeupe nene kati ya fenoli na maji, humo mna protini iliyonaswa na ute. Ongeza bafa na fenoli kwenye tabaka hilo na urudie, usilitupe. Fenoli iliyogeuka waridi au kahawia imeoksidika, haifai. Ikiwa pH yake iko chini ya 7, DNA nayo itaingia kwenye fenoli na mashapo yatakuwa ya kunata. Fenoli huunguza ngozi bila kuuma mwanzoni na sumu yake huingia mwilini kupitia ngozi: fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta mvuke, vaa glavu mbili, na uwe na PEG 400 karibu ya kufutia endapo itamwagika.

Kosa la mwisho katika dalili hii ni kushusha pH. Wengi hukamua kwa alkali kisha hushusha hadi pH 4 ili protini itengane. Karajinani ina salfeti zenye chaji hasi katika pH yoyote utakayofika, na protini chini ya pH hiyo zinapata chaji chanya, hivyo zinang'ang'aniana na kushuka pamoja kama makamasi. Kwa mwani wa kahawia alginati nayo hushuka yenyewe ikifika pH 3 hivi. Mashapo yanakuwa mengi, mtu anafurahi, kumbe nusu yake ni ute. Salfeti ya amonia kwa asilimia 80 ya ushibe, ambayo ni gramu 516 kwa lita kwenye nyuzi 0 au gramu 561 kwenye nyuzi 25, hufanya vizuri kwa Ulva na Gracilaria. Kwa kottoni amonia yenyewe inagandisha, kwa hiyo haitakuokoa.

Maji yamegeuka kahawia au meusi

Hili ni la Sargassum, Turbinaria na jamaa zao. Florotanini, yaani tanini za mwani wa kahawia, huoksidika zikipata hewa na alkali, kisha zinashikana na protini moja kwa moja. Protini iliyoshikwa hivyo haiyeyuki tena vizuri na haisomeki kwa kweli kwenye kipimo. Alkali ndiyo njia mbaya zaidi kwa mwani wa kahawia. Osha unga kwanza kwa asetoni baridi ya asilimia 80 mara mbili au tatu hadi rangi ya kijani na kahawia iishe, kisha ukamue kwa bafa yenye PVPP asilimia 2 iliyolowekwa mapema, asidi ya askobiki 10 mM au merkaptoethanoli. PVPP haiyeyuki, itashuka na mashapo ikiwa imebeba tanini. Giza likianza kuonekana baada ya nusu saa, umechelewa: anza upya na unga mwingine, kwa sababu PVPP ikiongezwa wakati huo haiwezi kuzitenganisha tena.

Vipimo vitatu vinatoa majibu matatu

Bradford (kipimo cha rangi) inasema miligramu 12 kwa gramu, BCA (cha rangi pia, kwa kutumia shaba) inasema 40, nitrojeni inasema 90. Hakuna kilichoharibika. Kila kipimo kinajibu swali lake, na kila bafa inaingilia kwa namna yake.

Bradford hushika zaidi arginini na haioni vipande vifupi vya protini, vya chini ya takriban 3,000 Da. Kwa hiyo mmumunyo wa vimeng'enya utaonekana maskini hata kama umetoa vingi, hasa vimeng'enya vilivyonunuliwa vikiwa na protiasi ndani. SDS (sabuni ya maabara) inayozidi asilimia 0.1 huivuruga, na alkali kali hubadili rangi yake, kwa hiyo viwango vya albumini ya ng'ombe vitengenezwe ndani ya NaOH ileile uliyokamulia. Pia kipimo chenyewe ni cha asidi: karajinani ikiwa nyingi, hushikana na protini na kuleta ukungu. Tikisa kuveti kisha uitazame kwa jicho. Ikiwa si angavu, namba hiyo usiiandike.

BCA na Lowry, kipimo kingine cha rangi, zinategemea shaba kupunguzwa kikemia, yaani kupokea elektroni. Merkaptoethanoli, DTT na tanini hupunguza shaba bila kuwa protini, hivyo namba hupanda. EDTA na amonia huikamata shaba, hivyo namba hushuka. Lowry huvurugwa na Tris na pia na mabaki ya fenoli. Na kuna mtego wa mwani mwekundu usioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ya kiwanda: BCA husomwa kwenye nanomita 562, na kilele cha fikoerithrini kipo karibu na 565. Maji ya waridi yanaongeza usomaji kabla hujaweka kemikali. Kwa kila sampuli andaa kuveti yenye sampuli na bafa bila kemikali ya kipimo, uisome kwenye urefu uleule wa wimbi, na uitoe kwenye hesabu.

Nitrojeni ina hatari zake mbili. Ya kwanza ni kigezo cha 6.25. Mwani hubeba nitrati, amonia, klorofili na asidi za nukleiki, ambazo zote zina nitrojeni na si protini. Kwa mwani kigezo cha 5 ndicho kinachokubalika zaidi pasipo uchambuzi wa asidi amino. Nitrojeni ya asilimia 2 inakuwa protini asilimia 10 badala ya 12.5. Mashine ya kuchoma ya Dumas inahesabu nitrati pia, Kjeldahl ya kawaida (ya kuyeyusha kwa asidi) haihesabu. Ulva iliyovunwa karibu na maji taka huhifadhi nitrati nyingi, hivyo usichanganye mashine hizi mbili ndani ya ulinganisho mmoja.

Ya pili ni kubwa zaidi, na inaharibu kazi nzima kimyakimya: kupima nitrojeni ya mmumunyo wenye Tris. Fanya hesabu. Tris ya 50 mM ina nitrojeni miligramu 700 kwa lita. Zidisha kwa 5: gramu 3.5 za protini ya uongo kwa lita. Ukiwa umekamua gramu 1 kwa mililita 20, hizo ni miligramu 70, yaani asilimia 7 ya uzito wa mwani, inayotosha kuwa protini yote ya kottoni. Yurea, salfeti ya amonia na asetati ya amonia ni mbaya zaidi. Kama unakusudia kupima nitrojeni, kamua kwa fosfeti ya sodiamu, au fanya dayalisisi kwa utando wa 3,500 Da kwenye nyuzijoto 4 ukibadilisha maji mara tatu.

Kipimo cha kuthibitisha ni cha kuongeza. Gawa sampuli mbili, moja iongezee albumini ya kiasi unachokijua, kwa mfano miligramu 0.2 kwa mililita, nyingine iongezee bafa tupu. Tofauti yake irudishe kati ya asilimia 90 na 110 ya ulichoongeza. Ikirudisha 60 au 150, bafa ndiyo inayosomwa. Punguza sampuli kwa maji mara 5 au 10 na urudie. Ikishindikana, tenganisha protini kwanza. Kwa mililita 1 ongeza mikrolita 100 za deoksikolati ya sodiamu asilimia 0.15, subiri dakika 10, ongeza mikrolita 100 za TCA asilimia 72, zungusha, na uyeyushe mashapo kwa bafa moja inayokubalika. Hii huondoa Tris, merkaptoethanoli na EDTA. Ute hauondoki kwa uhakika.

Njia za kukamua zenye bafa tofauti kabisa zinalinganishwa kwa haki kwa kupima asidi amino: HCl ya 6 M, nyuzi 110, saa 24, tyubu ikiwa imefukuzwa hewa kwa nitrojeni. Jumlisha asidi amino ukitoa Da 18 za maji kwa kila moja, na ukumbuke triptofani huharibiwa. Mchanganyiko utakuwa mweusi. Hizo ni sukari za ute zilizoungua, chuja na uendelee. Ni ghali, hivyo fanya kwa mwani mzima na kwa mmumunyo mmoja wa kila njia, kisha vipimo vya rangi uvitumie ndani ya njia moja tu.

Kwa vimeng'enya ongeza sampuli tupu ya kimeng'enya: kila kitu kiwemo isipokuwa mwani. Kimeng'enya ni protini, na bidhaa nyingi hutiwa protini nyingine za kukihifadhi. Weka pia mwani kwenye bafa na joto lilelile bila kimeng'enya, kwa sababu saa kadhaa kwenye nyuzi 50 peke yake hutoa protini na huamsha protiasi za mwani wenyewe.

Mashapo ya TCA hayayeyuki

Umeyakausha kupita kiasi. Yakiwa kama chaki iliyopasuka, yatachukua siku mbili na bado yataacha vipande. Acha asetoni ivukize dakika 5 hadi 10 tu, mashapo yakiwa bado na unyevu kidogo, kisha weka bafa ya yurea. Kuacha sampuli kwenye TCA zaidi ya usiku mmoja nako huzifanya zigome. Usipashe moto bafa ya yurea zaidi ya nyuzi 30, maana yurea iliyopata joto hubadilisha protini na kuharibu uchambuzi wa baadaye. Kama kilichobaki ni jeli angavu isiyo na rangi, hicho ni ute: asetoni huushusha ute sawasawa na protini, ndiyo maana TCA peke yake inafaa Ulva iliyosagwa vizuri kuliko kottoni.

Kwenye elektroforesi

Elektroforesi hupanga protini kwa ukubwa ndani ya jeli kwa kutumia umeme. Mistari ikitoka kama moshi kuanzia juu hadi chini, ute umebaki. Rudia kwa fenoli. Moshi ukiwa chini tu, na mstari wa Rubisco (protini kuu ya usanisinuru) wa takriban 55 kDa haupo, protiasi zimekula. PMSF hufa ndani ya maji, kwa pH 8 nusu yake huisha katika takriban nusu saa kwenye joto la chumba, hivyo iyeyushe kwenye isopropanoli na uiongeze dakika ileile unapoanza kusaga. Vijistari vinene vya 18 hadi 20 kDa kwa mwani mwekundu ni vipande vya fikoerithrini, si uharibifu.

Sampuli ikipanda kutoka kwenye kishimo, asetoni au methanoli imebaki. Rangi ya bromofenoli ikigeuka manjano, TCA imebaki: ongeza mikrolita 1 ya Tris 1 M isiyorekebishwa pH hadi irudi buluu. Ukiona chenga nyeupe mara tu ulipoongeza bafa ya SDS, hiyo ni potasiamu iliyokutana na SDS. Si protini, na kuchemsha hakutaondoa tatizo kwa kuwa zitarudi ikipoa. Osha sampuli kutoa potasiamu, kisha uanze upya na SDS.

Marudio hayalingani

Marudio matatu kutoka kwenye unga mmoja yakitofautiana zaidi ya asilimia 10, tatizo liko mezani: mashapo yamemwagwa pamoja na maji ya juu, au uji haukuvutwa sawasawa na pipeti. Kata ncha ya pipeti iwe pana, au pima kimiminika kizito kwa uzito badala ya ujazo. Yakilingana kwa unga mmoja lakini yakatofautiana kati ya mashina ya shamba moja, huo ni mwani wenyewe. Ncha changa na shina la zamani havina protini sawa, na vipande vyenye ugonjwa wa ais-ais, vile vilivyopauka na kulainika, vitolewe kabla ya kusaga. Changanya mashina yasiyopungua kumi kuwa unga mmoja, ugawe katika mifuko midogo isiyopitisha hewa, na njia zote zinazolinganishwa zichukue kutoka humo. Umeme ukikatika na friza ikayeyuka, mifuko yenye mwani mbichi usiirudishe kwenye barafu kana kwamba hakikutokea kitu: seli zimeshapasuka, protiasi zimeshaanza. Unga uliokaushwa kwa kugandisha, wenye silika jeli ndani ya mfuko, unavumilia siku ya giza bila kubadilika.